Ghala la Ulimwengu

Msomaji, umegapo chapati jioni, au ulapo kipande cha mkate kwa chai ya asubuhi, huenda huifikirii safari ya chakula kile. Mahindi ya ugali wako aghalabu yalipandwa karibu. Pengine wewe mwenyewe ulishika jembe siku ile. Lakini ngano ni mgeni wa safari ndefu. Iko ngano ya Narok, ya Uasin Gishu na ya Nakuru, nayo ni njema. Walakini haitoshi vinywa vyetu. Sehemu kubwa ya ngano iliwayo Kenya huja kwa meli mpaka bandari ya Mombasa, na kwa miaka mingi ya karibuni shehena nyingi zimetoka Urusi na Ukraine, nchi zilizo kaskazini ya Bahari Nyeusi. Kwa hiyo, mizinga ilipoanza kulia huko mnamo Februari 2022, bei ya mkate na ya unga wa ngano ilipanda madukani kwetu, ingawa hapakusikika hapa hata mlio mmoja wa risasi.

Jambo hili halikuanza jana. Katika insha hii nataka tufuatane, mimi na wewe, tuitazame historia ya kanda mbili zilizouzia mataifa nafaka nyingi mno. Ya kwanza ni zile mbuga za Bahari Nyeusi. Ya pili ni tambarare za Amerika ya Kaskazini, yaani Marekani na Kanada. Kwa muda wa miaka kama mia mbili kanda hizi zimepokezana kazi ya kulisha wengine, kama watu wawili wachukuao mzigo mmoja: huyu akilegea, yule huutwaa. Tukizilinganisha tutaona jambo ambalo ramani haituonyeshi. Udongo mwema peke yake haufanyi nchi kuwa ghala. Udongo wa Bahari Nyeusi haukubadilika katika miaka hiyo yote, na hata hivyo nchi zile zimekuwa muuzaji mkubwa, kisha mnunuzi mkubwa, kisha muuzaji mkubwa tena. Kilichobadilika ni njia ya kupitishia mazao, hali ya mtu ashikaye jembe, na mwendo wa watawala.

Tuanze na mnunuzi, maana pasipo mnunuzi hakuna soko. Katika karne ya kumi na tisa watu wa Uingereza walihama mashamba kwa maelfu wakaenda katika miji ya viwanda. Mtu afumaye nguo Manchester hawezi kuvuna shayiri. Hana budi kununua chakula chake. Kwa muda mrefu wenye mashamba makubwa walilindwa na Sheria za Nafaka, zilizotoza ushuru ngano ya kigeni ili bei ya ngano ya nyumbani isishuke. Mwaka 1846 Bunge la Uingereza likazifuta sheria hizo. Tangu hapo mlango ukawa wazi, na kila nchi yenye ziada ya nafaka ikaielekeza macho bandari ya Liverpool na ya London.

Aliyekuwa tayari mlangoni alikuwa Mrusi. Mwaka 1794, kwa amri ya Malkia Katarina wa Pili, mji wa Odessa ulianzishwa katika pwani ya Bahari Nyeusi. Nyuma ya mji huo zilitandaza mbuga zenye udongo mweusi, mzito, wenye rutuba isiyo na mfano katika Ulaya. Ngano ililetwa bandarini kwa magari ya ng'ombe, safari ya majuma mengi, vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Pale ilipakiwa katika majahazi ya Wagiriki na ya Waitalia, ikapita katika milango ya bahari ya Bosporus na Dardanelles, mbele ya mji wa Istanbul, ndipo ikatoka katika bahari kuu. Ushike moyoni mlango huo, msomaji, maana tutaurudia. Mwaka 1829 mapatano kati ya Urusi na Dola ya Uturuki yalifungua njia hiyo kwa meli za biashara, na katikati ya karne ile Odessa ulikuwa mmoja wa miji mikuu ya nafaka duniani.

Lakini ni nani aliyelima? Katika mashamba mengi ya mabwana wa Kirusi kazi ilifanywa na wakulima waliofungwa katika ardhi ya bwana, wasio na ruhusa ya kuondoka wala ya kukataa. Hawakupata uhuru mpaka mwaka 1861. Sisi wa Afrika ya Mashariki tusiwatazame kwa mshangao, kwani mwaka huo huo wa 1861 Sultani Majid wa Unguja alikuwa akiufufua mji wa Malindi, uliokuwa umekuwa magofu. Katika miaka iliyofuata mashamba ya Malindi yalitoa mtama na ufuta kwa wingi, nao ukapakiwa majahazini kupelekwa Unguja na Arabuni. Malindi ikawa ghala la pwani. Walakini waliolima walikuwa watumwa, na utumwa ulipokwisha kupigwa marufuku katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mashamba yale makubwa yalikuwa yamekwisha kurudi kuwa vichaka. Ghala lililosimama juu ya mabega ya mtu asiye na hiari halikudumu baada ya mtu yule kunyanyuka.

Sasa tuvuke bahari kwenda Amerika. Mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa mkulima wa ndani ya Marekani alikuwa na ardhi kubwa na ngano nzuri, lakini hakuwa na njia. Kupeleka tani moja ya mzigo kutoka Buffalo, kwenye maziwa makuu, mpaka New York kuligharimu kama dola 100. Kisha mwaka 1825 Mfereji wa Erie ukafunguliwa, ukiwa na urefu wa maili 363, nao ukaunganisha maziwa yale na mto Hudson. Gharama ile ikaanguka mpaka kiasi cha dola 10 au chini yake. Maji ya mfereji hayakuongeza hata punje moja shambani. Yaliyafanya mazao yaliyokuwako yawe na thamani.

Baada ya mfereji mambo yakafuatana upesi. Mwaka 1842 mfanyabiashara wa Buffalo aitwaye Joseph Dart alijenga ghala refu lenye mashine ya mvuke. Mkanda wenye vikombe ulizamishwa ndani ya merikebu, ukateka nafaka kama mtu atekaye maji kisimani, ukaipandisha juu na kuimwaga ghalani. Zamani wapagazi walibeba magunia mgongoni siku nzima kwa kazi ambayo mashine hiyo iliimaliza kwa saa chache. Mwaka 1847 Cyrus McCormick alijenga Chicago kiwanda chake cha mashine za kuvunia zilizokokotwa na farasi. Mwaka 1848 wafanyabiashara wa mji huo waliunda Baraza la Biashara, ambalo baadaye liliigawa ngano kwa madaraja. Tangu hapo mtu aliweza kununua ngano ya daraja fulani bila kuiona, kwa karatasi tu, akijua atakachopewa. Huko Odessa mnunuzi alikuwa bado hutia mkono katika gunia na kunusa punje.

Mwaka 1862 serikali ya Marekani ilitoa sheria ya kumpa kila mhamiaji ekari 160 za ardhi, kwa sharti la kukaa na kulima muda wa miaka mitano. Inatupasa kusema wazi kwamba ardhi ile haikuwa tupu; ilikuwa nchi ya wenyeji wa asili wa Amerika, nao walisukumwa kwa nguvu wakaachwa katika vipande vidogo. Mwaka 1869 reli ilivuka bara lile kutoka mashariki mpaka magharibi. Kanada ikamaliza yake mwaka 1885. Meli za mvuke nazo zikachukua mahali pa matanga.

Matokeo ya mambo haya yote yanaonekana katika hesabu moja ndogo. Mwaka 1870 ngano ya Liverpool ilikuwa ghali kuliko ya Chicago kwa karibu asilimia 58. Mwaka 1895 tofauti hiyo ilikuwa chini ya asilimia 20. Ni kama bahari ya Atlantiki imesinyaa. Mkulima wa Uingereza na wa Ujerumani alijikuta anashindana na mtu aliye mbali naye kwa maelfu ya maili, naye akashindwa. Wengi walifilisika, na Ujerumani ikarudisha ushuru wa nafaka mwaka 1879 ili kuwakinga watu wake. Urusi nayo ilijenga reli, na ya kwanza ilifika Odessa mwaka 1865. Lakini mwendo wake ulikuwa wa pole, na katika miaka ya 1870 Marekani ikaipita katika soko la Uingereza.

Hata hivyo, hata washindani huazimana mbegu. Mwaka 1874 wakulima wa Kimenoni, waliokuwa wamekaa kusini ya dola ya Urusi, walihamia Kansas kwa ajili ya dini yao. Walileta ngano nyekundu iliyozoea baridi kali na ukame, nayo ikastawi sana katika tambarare zile. Kanada vile vile ilipata ngano iitwayo Red Fife kutoka Ulaya ya Mashariki, na kutokana nayo mtaalamu Charles Saunders akapata ngano ya Marquis iliyowahi kukomaa kabla ya theluji. Basi mkate ambao Amerika iliuza kwa kuishinda Urusi ulikuwa na damu ya Bahari Nyeusi ndani yake.

Wauzaji wengine wakatokea. Argentina, iliyokuwa ikinunua unga wa ng'ambo mpaka miaka ya 1870, ilipokea wahamiaji wengi wa Kiitalia na mtaji wa reli wa Waingereza, na mwanzoni mwa karne ya ishirini ikawa miongoni mwa wauzaji wakuu. Australia nayo ilifuata. Na Bara Hindi, baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, lilianza kupeleka ngano Uingereza kwa wingi.

Hapa, msomaji, yatupasa kusimama kidogo, maana tumefika mahali ambapo hesabu za biashara huweza kumdanganya mtu. Tukisoma kwamba nchi fulani imeuza nje tani nyingi za nafaka, twadhani watu wake wameshiba na kilichobaki ndicho kimeuzwa. Sivyo daima. Katika miaka ya 1876 hadi 1878 njaa kubwa iliua mamilioni ya watu Bara Hindi chini ya utawala wa Waingereza, na katika miaka hiyo hiyo ngano iliendelea kupakiwa melini kwenda Ulaya. Reli iliyosifiwa kuwa ingeleta chakula kwa wenye njaa iliweza pia kukiondoa, kwa sababu gari la moshi halijui njaa. Huenda penye bei. Masikini wa kijijini hakukosa chakula kwa kuwa hakikuwako, bali kwa kuwa hakuwa na fedha ya kukipata.

Urusi nayo iliyaona hayo. Serikali ya mfalme ilitaka fedha ya kigeni ili kulipa madeni na kujenga viwanda, na mkulima alitozwa kodi wakati wa mavuno hata akalazimika kuuza akiba yake. Mwaka 1891 ukame ulipokuja, ghala za vijiji zilikuwa tupu. Serikali ilichelewa kupiga marufuku uuzaji wa nafaka nje. Watu wanaokadiriwa kuwa kama 400,000 walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na homa zilizowakuta wamedhoofika. Na bado, katika miaka ya 1909 hadi 1913, Urusi ilikuwa muuzaji wa kwanza wa ngano duniani, ikitoa zaidi ya tani milioni 4 kila mwaka, ambazo ni karibu robo ya ngano yote iliyovuka mipaka. Marekani kwa wakati huo ilikuwa imepungua, kwani miji yake ilikua na ngano yake ikaliwa nyumbani.

Kumbuka sasa ule mlango wa bahari. Mwishoni mwa Septemba 1914 Dola ya Uturuki iliufunga mlango wa Dardanelles, na muda mfupi baadaye ikaingia vitani upande wa Ujerumani. Kwa siku moja ngano ya kusini ya Urusi ilikosa pa kupitia. Magunia yalibaki yamerundikana, na kushindwa kwa Waingereza na Wafaransa kuufungua mlango huo kwa nguvu mwaka 1915 kulithibitisha msiba. Pengo lile lilijazwa na Marekani, Kanada, Argentina na Australia. Mteja akiisha kuzoea duka jingine ni vigumu kumrudisha.

Kisha yakaja mapinduzi ya mwaka 1917 na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Katika miaka ya 1921 na 1922 njaa ilizikumba nchi za mto Volga na kusini ya Ukraine, na ikawa kinyume cha mambo yote yaliyotangulia: merikebu za Marekani zilipeleka mahindi na ngano katika nchi iliyokuwa ghala la Ulaya. Shirika la misaada lililoongozwa na Herbert Hoover lililisha watu zaidi ya milioni 10 kwa siku wakati wa shida kuu.

Lililofuata lilikuwa baya zaidi, kwa kuwa halikutoka mbinguni. Kuanzia mwaka 1929 serikali ya Stalin iliwalazimisha wakulima kuingia katika mashamba ya ujima, ikawanyang'anya nafaka ili kulisha miji na kuuza nje kwa ajili ya kununulia mashine. Mwaka 1930 Muungano wa Sovieti uliuza nje karibu tani milioni 5 za nafaka, na mwaka 1931 zaidi ya tani milioni 5. Ukitazama tarakimu hizo peke yake utasema ghala la zamani limefufuka. Lakini katika miaka ya 1932 na 1933 mamilioni ya watu walikufa kwa njaa. Katika Ukraine peke yake wakadiriwa kuwa milioni 3 na nusu au zaidi. Na katika miaka hiyo ya kifo uuzaji ulipunguzwa tu, haukukoma. Kila mwaka zaidi ya tani milioni moja na nusu za nafaka zilitoka. Watu walianguka njiani katika udongo ulio mwema kuliko wote.

Je, Marekani ilikuwa salama? La. Bei nzuri za wakati wa vita ziliwatia wakulima tamaa, wakapasua majani ya tambarare kavu ambazo hazikustahili jembe. Kipimo cha ngano kiitwacho busheli, kilichouzwa kwa zaidi ya dola 2 mwaka 1919, kiliuzwa kwa chini ya senti 40 mwaka 1932. Kisha mvua zikakosa, na udongo usio na mizizi ya kuushika ukaruka angani. Tufani za vumbi za miaka ya 1930 zilifukuza familia nyingi kutoka Oklahoma, Kansas na majimbo ya jirani. Lakini tofauti ilikuwa hii: mkulima wa Marekani aliyepoteza shamba aliweza kuondoka, kulalamika, kuandika gazetini na kupiga kura, na serikali ililazimika kumsikiliza. Ikatolewa mikopo, ikapandwa miti ya kuzuia upepo, ikafunzwa njia ya kulima inayohifadhi udongo. Umaskini ulikuwa mkubwa, lakini haukuwa kama maangamizi ya Ukraine. Mtu anayeweza kusema "nina njaa" bila kuadhibiwa amekwisha kupata nusu ya dawa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili tofauti hii ikazaa matunda yake. Amerika ya Kaskazini ilivuna kupita kiasi, hata mwaka 1954 Marekani ikatunga sheria ya kuuza nafaka ya ziada kwa masharti nafuu, na kuitoa kama msaada, kwa nchi zenye upungufu. Muungano wa Sovieti ulilima mbuga mpya za Kazakhstan kuanzia mwaka huo huo, ukapata mavuno makubwa kwanza, kisha ukame na upepo vikazivunja nguvu. Mwaka 1963 Moscow ikanunua ngano ya Kanada, Australia na Marekani. Mwaka 1972 mavuno yakaharibika tena, na Wasovieti wakanunua kwa siri, kampuni moja baada ya nyingine, tani takriban milioni 10 za ngano ya Marekani kabla soko halijang'amua. Bei ya ngano ilipanda zaidi ya mara mbili kabla ya mwaka 1973 kwisha, na nchi maskini zikalipa gharama ya mkate wa dola kubwa. Katika msimu wa 1984 hadi 1985 Wasovieti walinunua zaidi ya tani milioni 50 za nafaka. Aliyekuwa mwenye ghala alikuwa sasa mteja mkubwa mlangoni.

Marekani ilijaribu kuutumia uwezo huo kama silaha. Mnamo Januari 1980 Rais Carter alizuia tani milioni 17 za nafaka zisiuzwe kwa Wasovieti, kwa sababu ya kuingia kwao Afghanistan. Argentina ikawauzia, na wakulima wa Marekani wakaona soko lao likienda kwa jirani. Rais Reagan aliiondoa amri hiyo mwaka 1981. Katika msimu wa 1981 hadi 1982 Marekani iliuza nje tani milioni 48 za ngano, na tangu hapo haijapata kufika kilele kile. Mpanda ngazi hushuka. Wakulima wengi waligeukia mahindi na soya, nao wanunuzi wakajifunza kutafuta pengine.

Muungano wa Sovieti ulivunjika mwaka 1991. Mifugo iliyokuwa ikilishwa kwa nafaka ya kununuliwa ilipungua, mashamba yakapata wenyewe wapya, bandari za Odessa na Novorossiysk zikajengwa upya. Udongo mweusi ulikuwa pale pale ukingoja. Mwanzoni mwa karne hii Urusi na Ukraine zilirudi sokoni, na katika msimu wa 2017 hadi 2018 Urusi iliuza nje zaidi ya tani milioni 40 za ngano, ikaongoza ulimwengu mzima. Gurudumu lilikuwa limezunguka mpaka mahali lilipoanzia mwaka 1913.

Lakini mlango nao ulikuwa ule ule. Mwaka 2010, kwa sababu ya ukame na moto, Urusi ilipiga marufuku kuuza nafaka nje kuanzia tarehe 15 Agosti. Mwanzoni mwa Septemba watu wa Maputo, Msumbiji, waliingia barabarani kwa hasira ya bei ya mkate. Kisha tarehe 24 Februari 2022 majeshi ya Urusi yaliivamia Ukraine, na zaidi ya tani milioni 20 za nafaka zikakwama katika ghala na bandari za Ukraine. Tarehe 22 Julai mwaka huo mapatano yalitiwa sahihi mjini Istanbul, penye mlango ule ule wa zamani, na tani kama milioni 33 zikapita kabla Urusi haijajitoa tarehe 17 Julai 2023. Baadaye Ukraine ikajifungulia njia yake kandokando ya pwani ya magharibi.

Basi sisi wa Kenya tujifunze nini? Wengine watasema tuache ngano ya kigeni, tule chetu. Neno hili ni jepesi kutamka. Mapema katika karne ya ishirini Lord Delamere alipanda ngano Njoro, na ugonjwa wa kutu ukaimaliza shambani. Ikalazimu kutafuta mbegu zinazostahimili. Kutu haikuondoka. Mwaka 1998 aina mpya iligunduliwa Uganda, ikapewa jina la Ug99, nayo iliweza kuushinda ukinzani wa ngano nyingi za ulimwengu. Tangu hapo wataalamu wa nchi nyingi huleta mbegu zao Njoro zijaribiwe mbele ya adui huyo. Kwa hiyo, ingawa ulimwengu hutuletea ngano kwa meli, nasi twaulindia ulimwengu ngano yake katika mashamba ya majaribio ya Njoro. Hakuna taifa ambalo ni mteja tu, wala lililo ghala tu.

Kununua si aibu. Uingereza ilinunua na ikatajirika. Aibu ni kununua kwa mlango mmoja, bila akiba, bila kujua mlango ule una kufuli ya nani. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mtama wetu, mahindi yetu, mihogo na viazi vyetu ndivyo mbacha. Tusivitupe kwa sababu meli imefika leo. Na barabara itokayo Narok mpaka mjini yafaa kuangaliwa kwa bidii ile ile ya Mfereji wa Erie, maana mkulima asiye na njia ni kama asiye na mavuno.

Lakini zaidi ya hayo, msomaji, siku utakapokuwa mkubwa na kuletewa hesabu za taifa, ukaonyeshwa mstari upandao wa mazao yaliyouzwa nje, usifurahi upesi. Mstari wa mwaka 1931 ulipanda pia. Uliza kwanza yule aliyelima amekula nini, na kama hakula, je, alikuwa na ruhusa ya kusema? Kibaba cha nafaka hupimwa ghalani, lakini shibe hupimwa nyumbani kwa mkulima.